Mstari Uliobeba Jina la Rula

Ukimwona mtu ameketi mbele ya kompyuta kutwa nzima, usidhani amepumzika. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake tangu asubuhi, miwani imemteleza hadi ncha ya pua, shingo imekakamaa, na kazi aliyokuwa akiifanya haikuwa na tofauti na kufagia nyumba walimoishi watu kumi kwa miaka kumi na minne bila hata mmoja wao kushika ufagio. Unainua zulia, unakuta kitu. Unasogeza kabati, lo, unakuta kikubwa zaidi.

Ofisi nzima walimwita Shangazi. Si kwamba alikuwa shangazi wa mtu mle ndani. Ni kwamba vijana waliajiriwa mmoja baada ya mwingine, wenzake wa rika wakaondoka mmoja baada ya mwingine, mpaka siku moja akageuka huku na huku akajikuta yeye peke yake ndiye anayekumbuka simu za mezani. Jina likamganda. Sasa hata mlinzi wa getini, mwenye mvi kumzidi yeye, alimwita Shangazi, na yeye akawa anaitika bila kinyongo.

Nyumba yenyewe aliyokuwa akiifagia ilikuwa programu. Ngoja nieleze vizuri, maana sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba nilimwacha njiani. Kampuni yao ilitengeneza programu za zahanati: ya kuandikisha wagonjwa, ya kutunza orodha ya dawa, ya kupanga zamu za wauguzi. Kila programu ilipoboreshwa ilifungwa kama kifurushi, ikapewa namba ya toleo, ikawekwa ghalani. Ghala hilo halina mlango wala paa, ni sehemu tu ndani ya seva. Na mtunza ghala si mtu, ni moduli, yaani kipande cha programu kinachojiendesha chenyewe: kinapokea kifurushi kipya, kinahakikisha ni halali, kinaziambia mashine za zahanati zote zije kuchukua, kisha kinafuta matoleo ya zamani, ghala lisije likafurika. Mtunza ghala asiyekula, asiyeumwa, asiyeomba ruhusa kila mwisho wa mwezi.

Moduli hiyo iliandikwa na watu wawili. Mmoja ni Shangazi. Mwingine aliitwa Rula.

Jumatatu ya wiki hiyo mkuu wa kitengo, binti mmoja mchapakazi anayetembea kama mtu aliyechelewa basi hata akienda kuchota maji ya kunywa, alivuta kiti akakaa karibu na Shangazi.

"Shangazi, ile moduli ya ghala tunaitoa hadharani. Ijumaa. Mtu yeyote popote alipo ataweza kuisoma na kuitumia bure."

"Ile? Ile yetu ya zamani?"

"Hiyo hiyo. Inafanya kazi kuliko hizi mpya. Ila mwenzangu, haisomeki! Mgeni akiifungua ataikimbia. Naomba uisafishe. Majina ya ajabu ajabu uyaondoe, maelezo ya utani uyaondoe, kila kipande kiandikiwe kinafanya nini na kwa sababu gani. Nani mwingine ataiweza kama si wewe?"

"Na historia yake? Kumbukumbu za nani alibadilisha nini na lini?"

"Tunaanza upya, ukurasa mweupe. Historia ya zamani iko kwenye ile seva kuukuu, na yenyewe tunaizima Ijumaa hiyo hiyo."

Shangazi alikubali, tena kwa furaha. Nani asiyependa kusikia kwamba kitu alichokitengeneza ujanani bado kinawashinda vijana? Akaifungua moduli, akaanza kusoma mstari wa kwanza, na kabla hajafika wa hamsini alikuwa anacheka peke yake mpaka majirani wakageuka.

Maana waliandika upuuzi, wale wawili! Kulikuwa na seva moja ya watu wengine waliyolazimika kuchukulia vifurushi, na ilikuwa na tabia ya kutoweka bila taarifa. Basi katika moduli nzima seva hiyo iliitwa "jirani_mkorofi". Pahali pengine paliandikwa: "Hapa pasiguswe. Tulihangaika siku mbili." Chini kidogo: "Rula amesema hii haitafanya kazi. Imefanya kazi. Rula anyamaze." Na chini yake, kwa mkono wa Rula: "Rula hanyamazi." Shangazi alifuta "jirani_mkorofi" akaandika "seva_ya_nje", kama alivyoagizwa, na moyo ukamuuma kama mtu aliyebomoa kiambaza cha nyumba ya mama yake. Akakumbuka kile chumba.

Kilikuwa stoo ya karatasi kabla hawajapewa wao. Dirisha moja, kubwa kiasi cha kupitisha paka. Feni yenye vitufe vitatu na mwendo mmoja. Maboksi ya karatasi yalibaki yamepangwa ukutani, wakayafanya meza ya chai. Kompyuta ilikuwa moja tu, viti viwili, na kutokana na umaskini huo wakajizulia utaratibu wao wa kazi: mmoja mikono, mmoja macho. Mmoja anaandika, mwenzake anatazama kwa nyuma na kumkatiza katiza. Ikifika nusu saa wanabadilishana viti. Mashine iliwashwa asubuhi na aliyetangulia kufika, na siku zote aliyetangulia ni Rula, kwa sababu alikuwa anampeleka bintiye darasa la kwanza kisha anapitiliza kazini. Kwa hiyo kila badiliko la siku hiyo, awe ameliandika nani, liliingia kwenye kumbukumbu kwa jina la Rula. Wala hawakujali. Ilikuwa kazi yao wote, nani angehesabu mikono?

Aliitwa Rula kwa sababu ya unyoofu. Mistari yake ya programu ilipangwa ikapangika, utasema ameikata kwa wembe. Shangazi yeye alikuwa na ugonjwa mmoja: kila akimaliza mstari, kidole gumba kilibonyeza nafasi moja tupu isiyo na kazi yoyote, kisha ndipo aende mstari wa chini. Haionekani kwa macho, haidhuru kitu. Lakini Rula ilimwasha nafsi. "Dada yangu," angesema, "kwenu huwa mnafunga milango au mnairudishia tu?" Naye angemjibu, "Kwetu tuna wageni, si kama kwenu." Wakawa wanakwenda hivyo, mizaha asubuhi mpaka jioni, na kazi inakwenda.

Sasa mkuu wa kitengo alikuwa amempa Shangazi kifaa kipya cha kukagulia programu, na kifaa hicho kilipaka rangi nyekundu kila nafasi tupu iliyoachwa mwisho wa mstari. Ee! Moduli nzima ikawa na madoa kama mtoto mwenye surua. Shangazi akaufanya mchezo. Kila mstari wenye doa: huu wangu. Usio na doa: huu wa Rula. Akawa anasoma huku anasikia sauti, wangu, wake, wake, wangu, na Jumanne nzima ikapita hivyo, ikawa kama ile feni inazunguka tena juu ya kichwa chake. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kazini kwa muda mrefu. Alikuwa pia na huzuni, maana Rula hakuwa naye, na sababu ya kutokuwa naye ilikuwa imeandikwa mle mle ndani, na Jumatano saa nne asubuhi aliifikia.

"Mistari hii ilikosewa na Rula. Nimeisahihisha. Asiiguse mtu kabla ya kuniuliza."

Maneno yake mwenyewe, aliyoyaandika miaka kumi na miwili iliyopita.

Mambo yalikuwa hivi. Kipande hicho ndicho kilichokuwa kikichagua matoleo ya zamani ya kufuta. Kilifanya kazi miezi minane bila tatizo. Kisha siku moja kampuni ikatoa toleo jipya la programu ya dawa, na mtunza ghala, badala ya kufuta la zamani, akalifuta lile jipya. Mashine za zahanati arobaini zikarudishiwa toleo la nyuma na orodha za dawa zikakataa kufunguka siku tatu. Wauguzi waliandika kwa mkono, foleni zikatoka nje hadi barabarani, simu zikalia mpaka zikachoka. Hakuna aliyepoteza maisha, tushukuru Mungu, lakini meneja wa wakati ule alitaka mtu. Akaitisha kikao, akaangaza ukutani kwa projekta kumbukumbu ya mstari ule uliokosewa, na pembeni yake jina. Rula.

"Ni wewe?" meneja aliuliza.

Rula aliutazama ukuta muda mrefu. Nani anakumbuka alichoandika miezi minane nyuma? "Jina langu lipo," alisema. "Basi ni mimi."

Akafukuzwa wiki hiyo hiyo. Na Shangazi? Nisimfiche, maana hata yeye mwenyewe hajifichi sasa. Shangazi aliposikia "ni mimi", pumzi ilimtoka kifuani kwa nafuu. Alimwonea huruma rafiki yake, naam, alilia hata, lakini kwanza alipata nafuu. Wala hakufungua kinywa kuwaambia watu kwamba wao hubadilishana viti. Aliamini ni kosa la Rula kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini hivyo.

Basi Jumatano hiyo, kwa kuwa alitakiwa kuandika maelezo ya kueleweka badala ya yale ya lawama, alifungua historia ya zamani autazame mstari wenyewe ulivyokuwa kabla hajausahihisha. Alitaka aeleze kosa lilivyokuwa ili mgeni asilirudie. Mstari ukatokea kwenye skrini. Jina: Rula. Na mwisho wa mstari, doa jekundu.

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa. Doa lilikuwepo.

Akatazama saa ya badiliko. Saa saba na robo mchana. Siku ya shule. Sasa, Rula alikuwa mtu wa kukosa yote duniani, lakini saa saba kamili hakuwahi kukosa getini pa shule ya bintiye. Angetoka na chapati haijamalizika mdomoni. Alikuwa harudi mpaka karibu saa nane, na kwa saa hiyo nzima kile chumba kilikuwa na mtu mmoja tu, anayetumia mashine iliyowashwa kwa jina la mwenzake, anayeandika bila macho ya mtu nyuma yake.

Ni yeye. Ni yeye tangu mwanzo.

"Vipi Shangazi, inakwenda?" mkuu wa kitengo alipita mbio, kikombe mkononi.

"Inakwenda, mwanangu."

Na ingekwenda kweli, hapo ndipo penye ubaya. Angefuta tu yale maneno ya lawama, kazi aliyotumwa ni hiyo hiyo ya kufuta. Ijumaa seva ya zamani inazimwa, doa na saa saba na robo vinakwenda pamoja nayo, na hakuna kiumbe ambaye angejua. Moduli ingetoka hadharani safi, na watu wangempongeza. Shangazi alikaa na wazo hilo siku nzima, na sitasema alilikataa mara moja kama mtakatifu. Alilipindua hivi na vile. Kilichomshinda ni kwamba kila akirudi kwenye mistari, aliona tena: wangu, wake, wake, wangu. Hakuweza kuusoma mchezo ule tena kwa furaha hata mstari mmoja. Kama kosa lingebaki kwa Rula, basi na kile chumba chote, na vicheko vyote, vilikuwa vya wizi. Alhamisi asubuhi alichapisha karatasi mbili, ya kwanza yenye mstari na jina na saa, ya pili yenye ukurasa mmoja wa moduli ukiwa na madoa yake, akazikunja, akaomba ruhusa.

Hawakuwa wameonana miaka kumi na miwili isipokuwa mara moja, kwenye foleni ya benki, wakasalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja zamani. Alijua tu kwamba Rula ana duka la fremu za picha nyuma ya stendi. Akalipata kwa kuulizia. Lilikuwa duka jembamba lenye harufu ya gundi na vumbi la mbao, vioo vimesimamishwa pembeni, na ukutani fremu tupu nyingi, zote zimenyooka kiasi kwamba hakuhitaji kuuliza kama amefika.

"Hodi humu."

"Karibu... Wifi?" Mke wa Rula aliinua kichwa kutoka kwenye kioo alichokuwa akikifuta. Ulimi wake ulikuwa mkali tangu zamani, na miaka haikuupunguza. "Wifi yangu mwenyewe! Nani amekuonyesha njia leo, au umepotea?"

"Sikupotea, wifi. Nimekuja."

Rula alikuwa nyuma, amenenepa, nywele zimempungua, penseli sikioni. Aliweka alama kwenye ubao, akasogea, na kabla ya kumsalimu mgeni akampa mkewe tepu. Mkewe akapima pale pale alipopima yeye, akatikisa kichwa kukubali, ndipo Rula akaweka ubao chini na kufuta mikono.

"Dada yangu," alisema. "Habari za miaka."

"Mbaya, kaka. Ngoja nikuambie nikiwa bado nimesimama, nikikaa sitaweza."

Akamwambia. Hakuzunguka. Alimwambia kuhusu Ijumaa, kuhusu kifaa, kuhusu madoa, akaitandaza karatasi ya kwanza juu ya meza ya kukatia vioo na kuweka kidole kwenye saa. "Saa saba na robo. Ulikuwa wapi wewe saa saba na robo?"

Rula aliivuta karatasi. Alikuwa anautazama mstari kwa jinsi alivyoutazama ukuta siku ile.

"Ulikuwa shuleni," Shangazi alisema. "Niliuandika mimi. Peke yangu. Ukabeba wewe."

Wifi aliacha kufuta kioo.

"Una hakika?" Rula aliuliza. "Usije ukanihurumia tu."

"Tazama mwisho wa mstari. Nani mwingine anaacha mlango wazi?"

Kwa nusu sekunde mdomo wake ulitaka kucheka. Kisha uso ukabadilika, na Shangazi, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, aliona kitu kilichomtisha kuliko matusi. Rula alikuwa anaigeuzageuza mikono yake na kuitazama kama ya mtu mwingine.

"Kazi si kitu," alisema polepole. "Kufukuzwa si kitu. Watu wanafukuzwa, wanapata nyingine. Niliitwa mahali pawili baada ya pale. Sikwenda. Unajua kwa nini sikwenda?"

"Kaka..."

"Kwa sababu nilikaa nyumbani nikijaribu kukumbuka siku niliyoandika kile kitu, na sikuikumbuka. Nikasema, kama naweza kuandika kosa kubwa hivyo na lisiache hata alama kichwani, basi mimi si mtu wa kuaminika. Mikono yangu inanidanganya. Miaka kumi na miwili, dada! Mpaka leo sikati ubao mpaka huyu apime. Mwulize! Ubao wa fremu ya picha ya harusi! Ukikosea unakata mwingine, hakuna anayekufa, lakini siwezi."

"Ni kweli," Wifi alisema, na ulimi wake mkali haukuwa na makali. "Hawezi."

Shangazi alilia. Hakuomba msamaha kwa maneno marefu, alisema tu, "Nilikaa kimya pale kikaoni. Nilijua tunabadilishana viti, nikakaa kimya. Hilo halikuwa bahati mbaya, kaka, hilo nililifanya." Kisha akasema kwamba kesho, kwenye maelezo ya moduli, mbele ya watu wote, ataandika kosa lilikuwa lake na kwamba Rula hakuhusika.

"Andika unavyotaka," Rula alisema. "Watakaosoma hawanijui. Hawana haja na mimi." Akavuta stuli akakaa kwa kishindo. "Kuna mmoja tu ninayetaka ajue."

Wifi alielewa kabla ya mgeni. "Mpigie," alisema.

Yule mtoto wa darasa la kwanza sasa alikuwa na miaka kumi na tisa. Shangazi alimkumbuka akiletwa kazini siku za likizo, akikaa juu ya maboksi ya karatasi, miguu haifiki chini, akiuliza kila kitu kinafanya nini. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa kumwita shangazi, kabla ofisi haijalijua jina hilo.

"Alipomaliza shule," Wifi alisema, "alitaka kusomea kompyuta. Alama alikuwa nazo, tena za kubaki. Huyu akamkatalia. Akamwambia ukoo wetu hauna mikono ya kazi ile, utakuja kuumiza watu kama mimi. Mtoto alilia wiki nzima, kisha akanyamaza. Sasa anasomea kutunza mafaili ya maofisi. Halalamiki. Ningependa alalamike."

Rula alikuwa ameshapiga simu. Aliiweka spika, akaisukuma juu ya meza kuelekea kwa Shangazi. "Mwambie wewe," alisema. "Mimi nikimwambia atadhani namfariji."

"Baba?" sauti ilisema kwenye simu.

"Si baba. Ni mimi, shangazi yako. Wa kile chumba cha maboksi."

"Shangazi! Jamani! Baba yuko salama?"

"Yuko salama, yuko hapa, mama naye yupo. Nisikilize, mwanangu. Lile kosa la zahanati lililomtoa baba yako kazini, hakulifanya yeye. Nililifanya mimi. Yeye alikuwa amekuja kukuchukua wewe shuleni. Jina lilikuwa lake, mkono ulikuwa wangu, nami nimejua jana."



"Kwa hiyo baba hakukosea," msichana alisema.

"Hakukosea."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Shangazi alingoja alie, au amtukane, haki yake. Lakini msichana akauliza, taratibu, kama mtu anayegusa kitu alichokatazwa: "Mstari wenyewe ulisemaje?"

Shangazi alimtazama Rula. Rula aliinamisha kichwa kukubali. Basi akaichukua karatasi, akamsomea kwa lugha ya kawaida. "Ulisema hivi: chukua matoleo yote yaliyomo ghalani, yapange kwa mpangilio kufuata namba zake, acha matatu ya mwisho, yaliyobaki futa."

"Yanapangwaje?"

"Vipi, yanapangwaje?"

"Hizo namba. Mashine inazipanga kama hesabu au kama maneno? Maana kama ni maneno, itaanza kulinganisha tarakimu ya kwanza, kama kamusi na herufi. Kumi inaanza na moja. Itakaa kabla ya mbili." Sauti ilikuwa inakimbia sasa. "Mpaka toleo la tisa mtaona iko sawa tu. Likija la kumi, mashine itaona ni la zamani. Mtalifuta wenyewe. Lilikuwa toleo la kumi, Shangazi?"

Shangazi aliiweka karatasi mezani. Lilikuwa toleo la kumi. Yeye na Rula, watu wazima wawili wenye kazi yao, iliwachukua siku tatu kuliona.

"Shangazi? Nimekosea?"

"Hujakosea," Rula alisema. Alisimama, akaichukua simu, akazima spika, akaenda nayo mlangoni akawapa mgongo. Mkewe na Shangazi walibaki wamesimama na karatasi zao, na walimsikia kila neno.

"Mwanangu, ile fomu ya chuo cha kompyuta. Bado wanapokea?"

Akasikiliza. Mabega yakamshuka.

"Lini walifunga?... Aa. Mwezi uliopita." Akasikiliza tena, muda mrefu, akijifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Basi mwakani. Sikia, usiseme hivyo, hujachelewa, aliyekuchelewesha ni mimi. Mwakani, mwanangu. Nitakupeleka mwenyewe."